Daftari la Skrini Nyeusi

Ijumaa, katikati ya mwezi wa saba. Manyunyu tangu alfajiri, na upepo wa kusi unaopenya mpaka kwenye mifupa.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, kwa simu, vidole vimekufa ganzi. Leo ni siku ya tano Mama yumo humo ndani na mpira wa hewa puani. Wametutoa wote mpaka saa kumi jioni. Wenzangu wenye wagonjwa wameenda kununua chai. Mimi sina hamu ya chai, na nyumbani siwezi kukaa.

Mnaoifuata blogu hii mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu kompyuta. Wiki tatu nzima nimewachosha na kadi ya picha, draiva, skrini nyeusi, mpaka mmoja wenu akaniandikia nitafute mume niache kuhangaika na bati. Haya basi, leo namalizia kisa. Kompyuta imepona.

Mama sijui.

Kwa mliofika leo: naitwa Hawa, nakaa Mtwara mjini, napiga na kuhariri video za shughuli za wanawake. Kule ndani wanakofundwa mabibi harusi hawataki kamera ya mwanamume, kwa hiyo wananiita mimi. Siku zisizo na shughuli narekodi matangazo ya maduka kwa sauti yangu hii ambayo Mama anasema ni ya kugombeza hata ninaposoma bei ya sukari. Naishi na Mama. Ni mjane, mkaidi, na ana shamba la mikorosho kule Ziwani ambalo anaongea nalo vizuri kuliko anavyoongea na mimi.

Kompyuta yangu ni ya mezani, nyeusi, nzito kama kinu. Ilikuwa ya ofisi ya watu Dar kabla haijanifikia. Ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na ndoa ndiyo iliyokufa kwanza. Ndani yake niliipachika kadi ya picha ya mtumba, ile sehemu inayochora kila unachokiona kwenye skrini, maana bila hiyo video hazihaririki. Na hiyo kadi haiendi bila draiva, programu ndogo inayoiambia nini cha kuchora na wakati gani. Hao wawili wakigombana, skrini inakuwa nyeusi. Ndiyo elimu yote mnayohitaji.

Nyumba yetu ina vyumba viwili. Changu kinavuja, cha Mama hakivuji, kwa hiyo mashine inakaa chumbani kwa Mama. Nafanya kazi mchana, yeye analala hapo usiku, na kitanda chake na meza yangu vimeachana hatua tatu.

Na mle ndani kuna salfa.

Watu wa huku hamhitaji kuelezwa. Wa mbali, ni ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga ikaangusha maua. Msimu uliopita wezi walivunja kibanda cha Mama shambani wakabeba mifuko yote. Mama alilia siku mbili. Mwaka huu, salfa ilipokuja mwishoni mwa mwezi wa tano, alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema, "Safari hii italala ninapolala mimi. Mwizi aje anivue na shuka." Mifuko minne ikaingia chini ya kitanda chake, mitano tukaipanga ukutani nyuma ya meza yangu. Mimi nilifurahi kweli. Meza yangu ilikuwa inayumba, na ile mifuko ikaishikilia vizuri.

Msiniulize kama sikusikia harufu. Nilisikia. Nimezaliwa kwenye harufu hiyo. Nikiwa mdogo nilipata upele, na Mama alinipaka salfa iliyochanganywa na mafuta ya nazi mwili mzima, nikapona. Kwetu salfa ilikuwa dawa. Nani anaogopa dawa?

Sasa daftari.

Nina daftari la kazi, gumu, lenye mistari, na nina ugonjwa wa kuandika kila kitu. Kila nikirekodi tangazo naandika saa, naandika nimerudia mara ngapi, na sababu ya kurudia. Rudia: jogoo. Rudia: bodaboda. Rudia: adhana. Ni mazoea yangu tangu nianze kazi, yananisaidia kujua saa ipi mtaa umetulia. Kompyuta ilipoanza kuzima skrini nikaandika humo humo pia, kwa kalamu nyekundu.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Nilikuwa nahariri harusi ya Mikindani, bibi harusi anatolewa nje kwa vigelegele, na ghafla uso wake ukagawanyika mistari ya zambarau. Kisha giza. Kisha picha ikarudi na kijikaratasi pembeni kikisema draiva ilikuwa imeacha kujibu, sasa imerudi. Nikasema ala, karibu tena. Dakika ishirini baadaye, giza.

Nilianza na draiva yenyewe, kama kila mtu. Nikaifuta, nikaiweka upya. Siku moja ya amani, kisha giza. Nikasoma kwamba kuifuta kawaida hakutoshi, lazima mashine iwashwe ikiwa nusu usingizini, kila kitu kimezimwa, ndipo ung'oe draiva mpaka mizizi. Nikaing'oa. Nikapakua draiva ya zamani kwa bando la simu, megabaiti zikiisha katikati kila mara, nikaiweka. Ikakaa siku mbili. Asubuhi ya tatu nikakuta kompyuta imejipakulia draiva mpya kimya kimya bila kuniomba ruhusa. Nilitukana, Mama akaniuliza natukana nani, nikamwambia natukana wazungu.

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Kila asubuhi Mama alikuwa akiniuliza, "Mgonjwa wako kaamkaje?" Alikuwa anaisema kompyuta. Na mimi nilikuwa namjibu kwa urefu wote: mgonjwa kaamka na mistari, mgonjwa kazima mara tatu, mgonjwa leo nampima joto. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, kanga begani, anasikiliza kama anaelewa. Halafu anashika ufagio anafagia. Panya walikuwa wametoboa mfuko mmoja chini ya kitanda, na kila siku kulikuwa na unga wa njano sakafuni. Alikuwa anaufagia taratibu, anaukusanya kwenye kopo asipoteze hata kijiko.

Sikumuuliza yeye kaamkaje. Wiki tatu. Nimejaribu kukumbuka hata siku moja, na siipati.

Baada ya draiva nikahamia kwenye joto. Nikafungua ubavu wa mashine, nikasafisha feni kwa brashi ya kupakia rangi, nikabadilisha ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya chuma na chuma kupoza. Mavumbi yaliyotoka yalikuwa na rangi ya manjano. Naapa niliyaona. Nikayafuta kwa kitambaa, nikaendelea.

Nikabadilisha pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, nikaazima nyingine kwa mwenzangu mpiga picha. Giza. Nikachomoa memori, nikaipulizia, nikairudisha. Giza. Nikapunguza kila kitu kinachoweza kupunguzwa, nikahariri harusi ya watu kwa picha iliyofifia kama inayotazamwa kupitia chandarua. Giza tu. Katika daftari wino mwekundu ulikuwa umeanza kuzidi wa bluu.

Kisha nikasoma mahali kwamba mashine za pwani zinaharibiwa na unyevu na chumvi ya hewa. Nikajiona nimepata jawabu. Siku hiyo hiyo nikakata nailoni, nikaigonga kwa misumari midogo kwenye dirisha la chumba cha Mama, pande zote nne, kisha nikabandika karatasi ya gundi kwenye nyufa. Mama aliniambia, "Hawa, sasa hewa itapita wapi?" Nikamjibu, "Itapita mlangoni, Mama, kwani wewe samaki?"

Nilimjibu hivyo hivyo. Nayaandika kama yalivyotoka, maana nimechoka kujipendelea.

Mama hanyamazi kirahisi, ni Mmakonde wa Kitaya, akikasirika anahamia lugha yake na mtaa mzima unajua. Siku hiyo alinyamaza tu, akajilaza akiwa ameegemea mito miwili. Kabla ya hapo alikuwa analalia mmoja. Hilo nalo niliona.

Kikohozi chake sisi tulikiita baridi. Mwezi wa sita na wa saba kila mzee wa Mtwara anakohoa, kusi linavuma, maji yanauma. Nilimnunulia dawa ya maji dukani, nikamchemshia tangawizi, nikajiona binti mwema. Lakini kikohozi kilikuwa kinaniharibia kazi. Nakaa mbele ya maiki, nasoma tangazo, nafika kwenye jina la duka, na nyuma yangu khoo, khoo. Narudia. Khoo. Siku moja nikamgeukia nikamwambia, "Mama, kama lazima ukohoe, kakohoe nje."

Akachukua kigoda chake akaenda uani.

Alikaa kule kwenye upepo na manyunyu, kanga mbili kichwani, mpaka nilipomaliza. Na siku zilizofuata hakungoja kuambiwa. Akiona nashika maiki ananyanyuka mwenyewe na kigoda. Mungu ananisikia: kule uani alikuwa hakohoi sana. Nilidhani ananionea huruma anajibana. Kumbe uani kulikuwa na hewa.

Jumatatu nilisalimu amri. Nikaichomoa kadi ya picha, nikaifunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda mpaka mjini kwa Bwana Altaf. Ukoo wake umeuza vipuri Mtwara tangu babu yake, yeye ndiye aliyejifunza na kutengeneza. Ni mtu mzima, mpole, anakuita dada hata kama ana umri wa baba yako. Nilifungua daftari langu mezani kwake, nikamsomea draiva zote nilizojaribu, tarehe kwa tarehe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kadi, akavaa miwani, akaigeuza upande wenye meno ya shaba, yale yanayoingia kwenye mashine. Shaba ile huwa inang'aa kama pete. Yangu ilikuwa imeota madoa meusi, kama sufuria iliyokaa motoni.

Aliinusa.

"Dada Hawa," akasema, "nyumbani unakaa na salfa?"

Nikacheka. Nikamwambia Bwana Altaf umekuwa mganga. Yeye hakucheka. Akanionyesha rafu ya nyuma: redio mbili, amplifaya moja, televisheni, zote zimefunguliwa, zote nyeusi ndani. "Hizi zote za wakulima wa korosho. Kila mwaka msimu huu zinakuja. Watu wanaficha salfa ndani, wanafunga milango. Salfa inakula shaba. Inakula na fedha. Na pakiwa na unyevu inakula haraka zaidi. Draiva yako haina kosa. Ilikuwa inapiga simu, waya umekatika."

Kisha akachukua kifutio. Kile kifutio cha waridi cha mwanafunzi wa darasa la pili. Akaanza kusugua meno ya kadi, taratibu, upande huu, upande huu, anapuliza, anasugua. Weusi ukawa unatoka. Akapangusa kwa spiriti, akaipachika kwenye mashine yake, akaicheza video nzito kuliko zote nilizowahi kuhariri. Tulikaa tunaitazama. Haikutikisika.

Wiki tatu. Kifutio cha penseli.

Niseme ukweli, nilifurahi. Nilipiga kigelegele dukani kwa watu. Bwana Altaf akawa anaifunga kadi kwenye gazeti huku ananipa masharti: usirudishe kadi kwenye chumba hicho, toa salfa kwanza, fungua madirisha, pangusa kila kitu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ile ile ya masharti, hata hakuinua kichwa:

"Na humo chumbani analala mtu?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka niliiacha kadi mezani.

Nikiwa kwenye bodaboda nilikuwa namwambia dereva aongeze mwendo, na yeye anasema dada barabara inateleza, na mimi namgombeza. Kichwani mwangu vitu vilikuwa vinajipanga vyenyewe: manjano kwenye brashi, ufagio, mito miwili, nailoni yangu dirishani. Nilijiambia labda ni wasiwasi tu. Mama ameishi na salfa miaka arobaini. Lakini miaka yote ile salfa ilikuwa kibandani Ziwani na yeye alikuwa analala kwenye nyumba yenye matundu ya popo. Hakuwahi kufungiwa nayo. Aliyemfungia ni mimi.

Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mdomo wazi, anavuta hewa kama mtu anayekunywa kwa mrija ulioziba. Mkononi bado alikuwa ameshika ufagio. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Aliponiona alijaribu kunyanyuka, akidhani nimekuja kurekodi.

Sitaandika njia ya kwenda hospitali. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji na alikuwa mwepesi. Hilo tu.

Daktari wake ni binti mdogo, mpole, ana macho ya mtu asiyelala. Jumanne alinikalisha akaniuliza maswali ya faili. Anavuta sigara? Hapana. Anapikia kuni? Siku hizi mkaa, nje. Ana kazi gani? Nikamwambia korosho, nikamwambia salfa, nikamwambia chumba, kitanda, mifuko, nikamwambia na nailoni. Alikuwa anaandika, kalamu ikasimama kidogo kwenye nailoni, ikaendelea. Akasema mapafu yake yalikuwa yameanza kuchoka miaka mingi, kila msimu kidogo kidogo, na hizi wiki za mwisho zimeyamaliza nguvu. Nikauliza atapona? Akasema tutamsaidia apumue, tuone. Nikamuuliza hakuna kitu cha kuyasafisha? Nilikuwa nafikiria kile kifutio, wallahi. Nilikuwa nakifikiria kweli. Akasema hapana, mapafu hayasafishwi hivyo.

Kisha akauliza, "Alianza kukohoa lini?"

Skrini ya kwanza nyeusi naijua mpaka dakika. Kikohozi cha kwanza cha mama yangu nikawa sikijui. Nikasema kama wiki mbili hivi. Nikasema labda tatu. Nikasikia uso unaniungua. Ndipo nikakumbuka daftari, lilikuwa kwenye mkoba wangu tangu kwa Bwana Altaf.

Nikalitoa, nikalifungua mbele yake, nikatafuta.

Jibu lilikuwemo.

Lilikuwemo lote, kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wangu mzuri. Tangazo la duka la vitambaa, saa tatu na nusu. Rudia: jogoo. Rudia: Mama. Tangazo la mchele, saa tano. Rudia: Mama. Rudia: Mama. Rudia: bodaboda. Rudia: Mama. Ukurasa baada ya ukurasa. Tukarudi nyuma mpaka tukalikuta "Mama" la kwanza kabisa, siku tatu baada ya mifuko kuingia ndani. Kutoka hapo mpaka skrini nyeusi ya kwanza, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na karibu mwezi mzima. Mama alikuwa ametangulia kuharibika kuliko mashine. Na kadiri wino mwekundu ulivyoongezeka ndivyo na "Mama" alivyoongezeka, bega kwa bega, mpaka siku niliyomtoa nje. Baada ya hapo hakuna "Mama" tena. Kurasa safi kabisa. Nilikuwa nimeandika pembeni, na nikapigia mstari: sasa kazi inaenda.

Daktari akauliza "Rudia: Mama" maana yake nini. Nikamwambia ni alama yangu ya kikohozi. Sikumwambia zaidi.

Alinakili zote kwenye faili. Alihesabu kwa kidole, siku kwa siku, akachora kimstari kinachopanda. Kisha akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Hongera, dada. Umemfuatilia mama yako vizuri. Ndugu wengi wanakuja hapa hawajui hata wiki."

Nikasema ahsante.

Jamani, nilisema ahsante. Nilishika lile daftari nikatoka nalo, nikaenda nyuma ya jengo la dawa, nikalia mpaka mama mmoja muuza maandazi akaja kunishika bega akidhani nimefiwa.

Jumatano nilirudi nyumbani mara moja tu. Nikang'oa nailoni kwa mikono, misumari ikanichana kiganja. Mifuko yote tisa nikaiburuta mpaka barazani, nikaiacha wazi. Atakayeiba aibe. Meza ikaanza kuyumba tena. Jioni Bwana Altaf alikuja mwenyewe na kadi kwenye gazeti, akaipachika, akaiwasha, hakutaka hata maji. Kompyuta inafanya kazi kama ilivyotoka kiwandani. Bibi harusi wa Mikindani anatoka nje kwa vigelegele, uso wake mzima, rangi zote zipo. Niliitazama dakika moja nikaizima kwenye soketi.

Watu wa harusi nimewaomba wanisubiri. Wameelewa.

Saa kumi wanafungua mlango. Naacha kuandika.

*

Saa kumi na mbili kasoro. Nimerudi kwenye benchi lile lile.

Mama alikuwa macho. Wamemwinua kwa mito mitatu na mpira bado uko puani. Nilimpa uji, akameza vijiko vitatu, akazuia cha nne kwa mkono. Nimeandika kwenye daftari: saa kumi na dakika ishirini, vijiko vitatu. Nimeanza ukurasa mpya wa yeye peke yake, kalamu moja tu.

Alinivuta nguo. Nikainama. Sauti yake sasa ni upepo tu.

"Salfa?"

"Ipo, Mama."

Akafumba macho, akapumzika, akayafumbua tena.

"Mgonjwa wako?"

"Amepona."

Akatabasamu. Naam, alitabasamu, upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Akainua kidole kimoja juu ya shuka kunionyesha: si nilikwambia atapona. Hajui kilichomwangusha yeye. Anadhani ni baridi. Anadhani ile mifuko aliilinda vizuri na mwaka huu hakuna aliyemshinda. Nitamwambiaje kwamba alilala nayo ikamla, na binti yake ndiye aliyekuja na nyundo kuziba dirisha? Nikamrekebishia shuka.

Nilipokuwa natoka kutafuta maji, daktari alinisimamisha mlangoni. Akasema makohozi yamejaa chini na Mama hana nguvu ya kuyatoa. Akikohoa ni heri. Akinyamaza ndiyo inatutia hofu. Mkae naye, akasema, mumhimize akohoe.

Nikarudi nikakaa. Wodi ilikuwa na kelele za kuaga, watu wanafunga vyombo, kesho mlango unafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilimshika mgongo, nikauhisi kila mfupa. Nikamsugua kama alivyokuwa akinisugua mimi. Akakohoa mara moja, kidogo sana, kama mtu anayeogopa kumsumbua mwenzake. Kisha akanitazama kwa wasiwasi, akaelekeza macho mlangoni. Nilielewa. Alikuwa anatafuta kigoda chake.

Nikamwambia hapana Mama, hapa hapa, hakuna kinachorekodiwa.

Akanyamaza. Kifua kilikuwa kinapanda kidogo, kinashuka kidogo. Nilingoja na kalamu mkononi. Nikaegemeza mdomo wangu kwenye sikio lake na kwa sauti ya chini kuliko zote nilizowahi kuwa nazo nikamwambia, "Rudia, Mama."

Kengele ya kututoa ilipogonga nilikuwa bado nangoja.